Dalali wa nyumba Dodoma: kazi anaijua, ila ile pikipiki hapana

Nampa nyota tatu kati ya tano. Mbili alizokosa zote zimekwenda kwa jambo moja, zawadi ya pikipiki aliyoahidiwa na kampuni iliyoniuzia nyumba.

Jina lake nalihifadhi. Ni kijana anayewatafutia watu nyumba na viwanja hapa mjini, na anayemlipa ni mnunuzi. Tuliandikiana asilimia mbili ya bei. Kazi anaijua kwelikweli. Kiwanja cha Nzuguni nilichokuwa nimekipenda alikifanyia upekuzi kwa Msajili wa Hati, akakuta kimewekwa rehani benki. Kwenye nyumba ya Mkonze alikuja na fundi, wakanionyesha nyufa zilizofichwa kwa rangi. Penye udongo wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kusinyaa kiangazi, ufa si wa kufumbia macho.

Kisha akaanza kunivutia Iyumbu: nyumba mpya, vyumba vitatu, milioni 85. Nyumba ya mstaafu mmoja kule Ilazo, ya bei nafuu na yenye kisima chake, ghafla ikawa ya kizamani, mara ina harufu ya ugomvi wa urithi. Upekuzi hakuufanya. "Mama, amua kabla mwezi haujaisha, bei inapanda."

Siku ya kusaini, karani wa mauzo akampongeza mbele yangu: nyumba yangu ilikuwa ya tatu kwake mwezi ule, kwa hiyo pikipiki ameipata. Nikamuuliza. Akajibu, "Mama, hiyo haijatoka mfukoni mwako."

Imetoka wapi basi? Mjenzi haokoti pikipiki barabarani, imo ndani ya zile milioni 85. Mimi nauza mahindi Kibaigwa na madalali nawafahamu. Dalali wa sokoni akitia cha juu kwenye gunia, najua anajitafutia riziki yake na mimi napatana naye nikiwa macho. Huyu nilimlipa awe macho kwa niaba yangu.

Kamisheni ya kawaida kutoka kwa mjenzi ningeikubali, kama angeitaja kabla hatujaenda kuona nyumba na kuipunguza kwenye ujira wangu. Lakini zawadi ya "uza tatu kabla ya mwisho wa mwezi" ni mbaya zaidi. Nyumba ya kwanza na ya pili hazimpi kitu, ya tatu inampa vyote. Mteja atakayeangukia nafasi ya tatu atasukumwa tu, hata dalali awe mcha Mungu kiasi gani. Na watu wasidhani rushwa ni ya maofisi ya serikali peke yake: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inamgusa pia wakala anayepokea kishawishi katika shughuli za aliyemtuma. Sisemi kijana huyu amevunja sheria. Nasema wajenzi wanaotangaza zawadi hizi wanawaweka vijana wetu pabaya.

Tulizungumza kwa utulivu. Alipunguza laki tano kwenye ujira, pikipiki akabaki nayo. Nyumba yenyewe ni imara, maji yanatoka, hati nimekabidhiwa.

Sasa binti yangu anatafuta kiwanja Nala. Kazi nimempa kijana yuleyule, kwa makubaliano mapya: ataje chochote anachoahidiwa na muuzaji kabla hajampeleka huko, kama ni hela ipunguzwe kwenye ujira, kama ni kitu asikipokee. Ameyasoma mara mbili, akasaini.