Kitreni chao kizuri, ila yule gadi hapana kwa kweli

Naandika hii bado nina hasira ingawa imeshapita muda, kwa hiyo mtanivumilia nikiruka ruka. Kwa mnaoishi huku Uingereza na mnatafuta pa kupeleka watoto na wazee waliokuja kutembea, kuna makumbusho fulani ya maisha ya mashambani ya zamani, kusini huku, jina nalihifadhi maana sitaki kesi na mtu. Yana majembe ya kukokotwa na farasi, kibanda cha mhunzi, magari ya kubebea nyasi, vitu hivyo, na katikati ya miti wana reli yao ndogo na kitreni cha kuzungusha wageni. Reli futi 2 tu kutoka chuma hadi chuma, wakati ile ya kwetu ya Tanga kwenda Moshi ni mita nzima. Ukiiona unacheka kwanza. Halafu unaipenda.

Mimi hayo mambo ya treni siyajui wala hayanihusu. Nilikwenda kwa ajili ya Mjomba. Mjomba wangu huyu ujana wake wote umeishia kwenye mkonge upande wa Muheza, na hakuwa mkataji, alikuwa kwenye matoroli. Kwa wasiojua, mashamba ya mkonge yalikuwa na vireli vyao vya kusomba majani kutoka kwenye vitalu mpaka korona, yaani kiwanda cha kukwangua majani, kwa sababu jani la mkonge ni zito halafu nyuzi unazopata humo ni kama asilimia 4 tu ya uzito, lililobaki lote maji na makapi, na likishakatwa halitakiwi kukaa juani likakauka. Sasa nani atabeba kichwani? Ndiyo maana ya reli. Yeye kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya matoroli kubana breki kwenye mteremko, baadaye wakampandisha akawa anamsaidia dereva. Anaweza kukusimulia breki kuanzia magharibi mpaka chakula kinapoa. Nikasema huyu mzee nikimpeleka London kuona saa kubwa atasinzia, bora nimpeleke kwenye vireli.

Kasoro ya kwanza. Tangazo lao lilionyesha kichwa cha mvuke, moshi mweupe, dereva anapunga mkono, watoto wakashinda wiki nzima wanapiga king'ora cha mdomo. Tumefika, mvuke hakuna. Sababu wanayo tena ya maana, kiangazi kilikuwa kikavu, nyasi zimekuwa njano kabisa, cheche moja ya makaa ikiruka pale msitu wote unakwenda, kwa hiyo wameweka dizeli. Sawa, hata ningekuwa mimi nisingewasha moto. Lakini karatasi ya kusema hivyo mmeibandika wapi? Ndani! Ukishalipa, ukishapita, ndiyo unasoma. Nikamuuliza mkata tiketi akanijibu "imeandikwa ubaoni" huku ananyoosha kidole kwenye ubao ambao mimi ili niufikie lazima nimlipe yeye kwanza. Nikaona isiwe tabu, tumekuja kufurahi, twende.

Sasa tupo stesheni, kijistesheni cha mbao kizuri kweli, maua kwenye vikapu, tunasubiri. Pembeni kuna njia ya pili imeegeshwa toroli la kumwagia mchanga, lile la beseni la chuma lenye umbo la V. Mjomba kuliona tu uso ukabadilika. Akasogea na bakora yake, kanzu yake na kofia (alivaa rasmi, kwake hii ilikuwa safari), akainama akagusa ile kishikizo inayozuia beseni lisipinduke. Kagusa tu jamani, kwa kidole, hakuvuta.

Akatokea gadi. Mzee mwenzie kiumri, kaptula, kofia ya reli, filimbi shingoni. "Usiguse hiyo!" Sawa, ni chombo chao, inaweza kumbana mtu vidole, kumkataza mtu asiguse siyo kosa. Ila kumbe hajamaliza. Akanigeukia mimi, Mjomba kasimama hapo hapo katikati yetu, akaniuliza: "Anaelewa Kiingereza?" Mjomba akamjibu mwenyewe kwa Kiingereza chake cha shambani kilichonyooka, kwamba anaelewa, na kwamba kazi hii ameifanya. Yule bwana akacheka. Akasema, kwa sauti ya juu na polepole kama anaongea na kiziwi, "Kumbe huko kwenu mna treni?"

Nilitaka kuamini anatania. Hawa watu utani wao mgumu, unaweza ukatukanwa ukadhani umesifiwa na ukasifiwa ukadhani umetukanwa. Shemeji yenu akaninong'oneza muache, mtu mzima huyo, anajitolea tu hapa halipwi. Kweli, wengi wanaoendesha hivi vireli wanajitolea, wanaamka Jumapili wanakuja kupaka grisi bure, na mimi hilo naliheshimu sana. Nikanyamaza. Mjomba akapanda behewa bila neno, na mtu wa Tanga akinyamaza ujue.

Tukaondoka, na hapo niseme ukweli, dakika za mwanzo raha tupu. Vibehewa viko wazi pembeni, upepo unaingia, maungio ya reli yanapiga tu-tuk tu-tuk, matawi yanakaribia kukupiga usoni, watoto wanapiga kelele. Kichwa chenyewe ni kidogo, bati na injini basi, na dereva anakaa ubavu, magoti yameelekea pembeni, ili aone mbele na nyuma bila kujipindua. Mjomba akawaonyesha watoto: "Mnaona alivyokaa? Sisi pia hivyo hivyo." Ningeandika nyota tano pale pale.

Halafu tukafika kwenye kona kule nyuma kwenye miti, injini ikakohoa, ikakohoa, ikafa.

Hapo ndipo siku ilipoharibika. Siyo kwa sababu ya injini! Injini ya zamani kuzimika ni kawaida, nani hajawahi kusukuma gari. Tatizo ni kwamba Mjomba ana sukari, na mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani anajua, ile haja ikija haisubiri. Choo tulikuwa tunakiona, wallahi, hatua chache tu kupita uwazi wa nyasi, jengo la matofali lina mlango wa kijani. Nikamwita gadi nikamweleza kwa adabu na kwa siri, kwamba mzee anaomba kushuka. Akasema hapana, abiria hawashuki nje ya stesheni. Nikamwambia ni mgonjwa. Akasema taratibu za usalama. Mjomba akanyanyuka nusu, na yule bwana akamwekea kiganja mbele ya kifua akamwambia "Kaa chini, bwana mdogo." Mzee wa miaka sabini na ushee! Sijui alitumia lile neno kwa mazoea au kwa dharau, labda kwao kule ni kumchangamkia mtu tu, lakini kwetu huwezi kumwekea kiganja kifuani mtu mzima mbele ya wajukuu zake. Huwezi.

Na siyo kwamba naipinga sheria. Sheria inaweza kuwa ya haki kabisa, mtu anaweza kujikwaa kwenye reli akavunjika, wao ndio watashitakiwa. Nimeifikiria sana na nakubali, kwenye kutoshusha watu pengine alikuwa sahihi. Ila subirini. Akishamkalisha Mjomba, yeye mwenyewe akashuka, akasogea pembeni, akawasha sigara. Kwenye nyasi kavu! Zile zile zilizotukosesha mvuke! Nikapiga picha, ninayo kwenye simu. Kwa hiyo nafuta niliyosema, hakuwa sahihi popote.

Dereva sasa. Dereva alikuwa binti, ana miaka ishirini na kitu, ovaroli limelowa mafuta mpaka magotini. Mjomba pamoja na shida yake, ananiambia taratibu "dizeli imeingia hewa hiyo", na kweli binti kaleta spana, kalegeza nati ya bomba la kwenda kwenye injini, likawa linatoka povu, dizeli na mapovu, puu puu, anapampu kwa mkono huku anafuta kwa kitambaa, mpaka ikaja dizeli tupu imenyooka. Akakaza. Akaenda mbele kupiga hendeli. Mjomba akanishika mkono: "Angalia kidole gumba." Nikaangalia. Kidole gumba alikiweka upande mmoja na vidole vingine, hakukizungushia chuma. Mjomba akasema ukizungushia, injini ikirudisha teke inakivunja, rafiki yake kilivunjika hivyo. "Huyu kafundishwa," akasema. Binti akazungusha, akazungusha, akaachia ile lever ya juu inayozuia injini isibane hewa, ikashika, moshi mweusi, watu wakapiga makofi.

Tukarudi. Mjomba alifika chooni, kwa shida, na sitasema zaidi maana mzee wa watu ana heshima yake.

Sasa ningekuwa naandika siku ile ile pale kwenye benchi, ningetoa nyota moja na hiyo moja ni ya maua. Lakini yule binti alipomaliza zamu alimtafuta Mjomba. Alisikia kila kitu. Alimwomba radhi yeye mwenyewe, siyo mimi, akamwangalia usoni, akamuuliza kama angependa kuona karakana. Jamani. Alimkalisha kwenye kiti cha dereva cha kichwa kingine kilichofunguliwa, akamwachia ashike breki, watoto wamejipaka grisi mpaka masikioni. Akatueleza vichwa vya aina hiyo, Simplex, vilianza kutengenezwa Bedford wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vya kusomba mabomu ya mizinga na chakula mpaka karibu na mahandaki kule Ufaransa, kwa sababu kireli kidogo unakitandaza haraka kwenye tope na bomu likikipiga unakiunga tena. Vita vilipoisha mali ikawa nyingi na rahisi, wakanunua wenye machimbo, viwanda vya matofali, na wakulima wa viazi wa Lincolnshire wakatandaza reli mashambani kusomba viazi. Viazi! Mjomba akacheka mpaka machozi. Mzungu na viazi vyake, sisi na mkonge wetu, toroli moja. Ndipo na mimi nikaelewa kwa nini treni iko kwenye makumbusho ya wakulima, maana mwanzo nilidhani ni ya kuchezea watoto tu.

Na Mjomba akamlipa binti kwa hadithi zake, akamweleza korona inavyokwangua jani, akamweleza kireli cha Wajerumani cha Tengeni kwenda Sigi kule chini ya Amani kilivyokuwa kinashusha magogo, binti anaandika kwenye daftari, anauliza, anarudia jina, Si-gi. Tulikaa mpaka wakataka kufunga geti. Hapo nikapandisha kichwani mwangu mpaka nyota nne. Hata yule gadi nikaanza kumsamehe, nikasema pengine ana matatizo yake nyumbani.

Basi ningeishia hapo ningekuwa mtu mzuri. Wakati wa kutoka nikapita dirishani kuomba angalau hela ya treni, maana treni wanatoza mbali na kiingilio, na tumekaa porini muda mrefu kuliko tuliotembea. Nikajibiwa kwamba treni ilirudi stesheni, kwa hiyo huduma imetolewa. Nikasema na mgonjwa je? Akasema naweza kuandika malalamiko. Nikaandika, kwa adabu zote, nikaeleza kiganja kifuani, nikaambatanisha na picha ya sigara. Jibu lilikuja baada ya siku nyingi, wananishukuru kwa kuwatembelea, na chini kuna dodoso la kuuliza nimeionaje keki ya mgahawa wao. Keki ilikuwa nzuri. Sikujaza.

Kwa hiyo nyota ngapi sijui. Reli na binti nne, gadi na dirisha sifuri, gawanyeni wenyewe. Ukienda, uliza kwanza getini kabla hujatoa kadi kama mvuke upo leo, na kama una mzee mwenye sukari apite chooni kabla ya kupanda, hata akisema hana haja. Na kaeni behewa la mbele karibu na dereva, huko nyuma ndiko gadi anakokaa.

Mjomba kesharudi Muheza, kanipigia juzi, nikadhani anauliza habari za watoto, kumbe anauliza kama yule binti kashabadilisha lile bomba la dizeli maana anaona lina ufa. Mie nitajuaje? Shemeji yenu naye ameanza kuangalia tarehe za mvuke, anasema mvua zimeshanyesha nyasi zimerudi kijani. Aende na wanawe. Mimi nitakaa kwenye gari hapo maegesho mpaka mtu aje aniambie yule mwenye filimbi leo hayupo zamu.