NetworkManager ikisema hakuna mtandao, na mtandao upo: uzoefu wangu

Natumia Linux kazini na nyumbani, na kote mtandao wangu unashughulikiwa na NetworkManager, programu ya Linux ya kusimamia miunganisho ya mtandao. Kwa kuunganisha waifai, kuhamia hotspoti ya simu bando la ofisi likikata, au kuwasha VPN, sijaona programu ya kuizidi. Ninachoilalamikia ni kimoja: ikitangaza kwamba kompyuta haina mtandao, programu nyingine huiamini moja kwa moja, hata kama kurasa zinafunguka mbele ya macho yako.

Hayo yalitokea kwenye kompyuta ya mezani ya ofisini, yenye Debian (aina mojawapo ya Linux) na waya wa ethaneti. Firefox ilifungua kila kitu. Ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inafikika, ilijibiwa bila pakiti kupotea. Lakini Evolution, ninayosomea barua pepe, ilisema iko nje ya mtandao na ikakataa kutuma chochote, barua za wateja zikalala humo humo. Mmoja wetu akazima na kuwasha ruta, mwingine akataka tumpigie simu mtoa huduma. Ruta haikuwa na kosa, wala mtoa huduma.

Kilichonionyesha njia ni amri fupi, `nmcli device`. Kwenye mstari wa kadi ya ethaneti iliandikwa `unmanaged`, maana yake NetworkManager haiisimamii kadi hiyo. Kompyuta ile ilisakinishwa Debian tupu kwanza, GNOME, yaani mazingira ya madirisha na ikoni, ikaongezwa baadaye. Ukisakinisha hivyo, mipangilio ya kadi huandikwa kwenye faili la `/etc/network/interfaces`, na NetworkManager ikiikuta kadi imetajwa humo huiacha, kwa kuwa mipangilio yake ya kawaida kwenye Debian, sehemu ya `[ifupdown]`, ina `managed=false`. Waya unafanya kazi vizuri kupitia ifupdown, zana ya Debian inayowasha kadi kwa kusoma faili hilo, ila NetworkManager haiuhesabu, na kwa kuwa haina kadi nyingine iliyounganishwa, inatangaza `disconnected`, yaani haijaunganishwa. Evolution nayo haijaribu seva ya barua. Inauliza maktaba ya GLib (msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingi), na GLib inaiuliza NetworkManager. Ni sawa na kumuuliza mlinzi wa geti la mbele kama wageni wamefika, nao wamepitia geti la nyuma.

Niliweka alama ya # mbele ya mistari ya kadi ile kwenye `interfaces`, nikaiacha mistari ya `lo` (kadi ya ndani ambayo kompyuta hujiunganisha nayo yenyewe) kama ilivyo, nikawasha kompyuta upya. NetworkManager ikaichukua kadi na barua zikaondoka zote. Tafadhali, kama kompyuta yako ina anwani ya IP ya kudumu, inakili pembeni kabla ya kugusa faili hilo ili uiingize upya kwenye NetworkManager, na usifanye kazi hii kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao) ukiwa mbali, maana unaweza kujifungia nje. Asiyetaka kugusa mipangilio ya mtandao anaweza kuiwasha programu husika kwa `GIO_USE_NETWORK_MONITOR=base` mbele ya amri yake, ili GLib isiiulize NetworkManager.

Kwa maoni yangu, lawama kubwa ni ya waandishi wa programu zinazojifunga kwa neno la programu nyingine. Programu ya barua pepe ijaribu kufika kwenye seva yake. Ikishindwa ndipo iseme imeshindwa. Na NetworkManager ingemsaidia sana mtu wa kawaida kama ingemwambia wazi pale kwenye ikoni kwamba kuna kadi haiisimamii, badala ya kumwachia atafute mwenyewe kwenye terminali.

Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kulikuwa na jambo linalofanana na hilo, lenye chanzo tofauti: alama ya kuuliza juu ya ikoni ya waifai. Hapa kadi inasimamiwa, lakini NetworkManager kila baada ya muda, kwa kawaida sekunde 300, huomba ukurasa mdogo kutoka `connectivity-check.ubuntu.com` kwa HTTP isiyosimbwa. Isipopata jibu, inaandika `limited`, yaani mtandao una kikomo. Nyumbani nina kichujio cha matangazo cha DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP), na kilikuwa kimeizuia anwani hiyo. Wengi hushauri kuzima ukaguzi huo kabisa kwa kuandika `enabled=false` chini ya `[connectivity]`. Mimi sikuuzima, kwa sababu ndio unaotambua waifai ya hoteli au uwanja wa ndege inayotaka uingie kwanza kwenye ukurasa wao, na HTTP hutumika makusudi ili ombi liweze kuelekezwa huko. Niliiruhusu tu anwani hiyo kwenye kichujio, nikapima kwa `nmcli networking connectivity check`, likaja jibu `full`, yaani mtandao kamili.