Uzoefu wangu: kumpeleka kinyonga mchanga kwa daktari wa mifugo hapa Mwanza

Kwa mwenye haraka: daktari nampa nyota nne kati ya tano, na nitarudi kwake. Unga wa kalsiamu alioniandikia nampa tano. Taa ya UVB (inayotoa miale kama ile ya jua) niliyoagiza kutoka Dar es Salaam nampa tatu, na sababu nitaieleza, maana taa yenyewe haina ubaya.

Kinyonga huyu ni wa ile aina ya kawaida ya huku kwetu, Chamaeleo dilepis, mwenye vifuniko viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Alikuwa wa mtoto wa jirani, aliyemfuga chumbani ndani ya tangi la kioo la samaki. Alipoanza kudhoofika, watu wazima wa nyumba ile wakataka atupwe, kwa sababu kinyonga huogopwa. Jambo hili hunisikitisha kila mara. Huu ndio ukanda wa bayeye, Wasukuma wanaocheza na nyoka hadharani huku umati ukishangilia, lakini kijinyama hiki kisicho na sumu ndicho watu wanachokikimbia. Nikamchukua mimi, na kabla ya yote nikatoa taarifa ofisi ya wanyamapori. Kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujiwekea mnyamapori nyumbani kama anavyoweka kuku. Wakanikubalia nimuuguze. Wengi huiruka hatua hii; nawasihi msiiruke.

Hali yake ilikuwa mbaya. Macho yalikuwa yamezama ndani, na rangi ilikuwa kahawia iliyokolea kutwa nzima, hata akiwa mahali pa joto. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda, akitembea kwa kuegemea viwiko, na alikuwa akishika tawi kisha analiachia bila kutaka. Kilichoniuma zaidi ni ulimi. Anamwona panzi, anageuza jicho moja, kisha la pili, anamlenga, anafungua mdomo, halafu ulimi unatoka kidogo tu na kurudi mtupu. Kinyonga mwenye afya hurusha ulimi ukapita urefu wa mwili wake. Huyu alikuwa akifa njaa chakula kikiwa mbele yake.

Nilianzia kwenye duka moja la dawa za mifugo ambalo sitalitaja. Muuzaji hakumtazama hata kidogo. Alinyoosha mkono rafuni, akashusha chupa ya oksitetrasaiklini, antibiotiki ya ng'ombe, na kuniambia nimchome "kidogo tu". Kidogo kiasi gani, kwa mnyama anayekaa kwenye kiganja na nafasi ikabaki? Sikununua. Baadaye daktari aliniambia kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini hushikana na kalsiamu, na kalsiamu ndiyo hasa aliyokuwa akiikosa mgonjwa wangu.

Daktari huyu nilielekezwa na mfugaji wa kuku wa Nyakato. Kazi zake nyingi ni ng'ombe, mbuzi na mbwa, na hilo alinieleza mwenyewe tangu kwenye simu. Kilichonipa imani ni maswali yake. "Dada, kabla sijamshika, niambie analala wapi, jua analipata saa ngapi, maji anakunywaje, anakula nini." Aliandika majibu yote. Ndipo akamweka juu ya kijiti badala ya kumkaba mkononi, akambonyeza taya la chini kwa ncha ya kidole, polepole sana. Taya likabonyea.

Mizani yake ya mbwa haikumsoma kabisa, kwa hiyo akanituma kwa sonara. Hapa kwetu dhahabu ya Geita imetujazia masonara, na mizani zao zinapima hata sehemu ya gramu. Sonara alishangaa, akacheka, kisha akampima kwa heshima zote ndani ya kikasha cha karatasi. Gramu 6 na kitu. Nausifu sana uamuzi huo wa daktari, maana dozi ya mnyama mdogo kiasi hiki haikadiriwi kwa macho.

Maelezo yake niliyaelewa hivi. Mifupa ya kinyonga mchanga inakua kwa kasi, na chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili unaichota kwenye mifupa yenyewe, ndiyo maana inalainika na kupinda. Misuli nayo haijikunji vizuri bila kalsiamu. Kumbe ulimi ulikuwa unashindwa kwa sababu hiyo. Wadudu wengi tunaowalisha wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa hiyo hata anayekula akashiba anaweza kupungukiwa. Tena kalsiamu ikishaliwa inahitaji vitamini D3 ili ifyonzwe, na D3 hiyo ngozi huitengeneza kwa miale ya UVB ya jua. Kioo cha kawaida huizuia karibu yote. Tangi lile hata lingewekwa dirishani kutwa, lingempa mwanga na joto tu.

Sindano hakumchoma. Alinipa kalsiamu ya maji, akanionyesha namna ya kuitoa: bomba dogo la sindano ya insulini bila sindano yenyewe, tone moja kwenye ncha ya pua, unasubiri alambe, kisha tone jingine. Usimpanue mdomo kwa nguvu na kummiminia, maana dawa ikienda kwenye mapafu utakuwa umemwongezea ugonjwa. Kinyesi alikipima kwa hadubini, akaona mayai ya minyoo, lakini akaahirisha dawa ya minyoo mpaka mgonjwa apate nguvu na maji mwilini. Daktari anayeweza kuona tatizo na bado akasema lisubiri, mimi namwamini.

Maji ndiyo yaliyonifundisha mengi. Kwa kawaida vinyonga hawanywi kwenye bakuli. Hawayatambui maji yaliyotulia. Wanalamba matone kwenye majani. Daktari alinishauri ninunue mpira wa dripu famasi, niuunganishe na chupa ya maji juu ya tundu, nifungue tone kwa tone juu ya majani ya mpera. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua, na ndicho kilichofanya kazi haraka kuliko vyote. Angalia kinyesi: ile sehemu ya mkojo ikiwa nyeupe, maji yanatosha; ikiwa ya njano au rangi ya chungwa, bado ana kiu. Ya huyu ilianza na rangi ya chungwa iliyoiva. Macho nayo yakaanza kurudi mahali pake.

Tundu alinitengenezea fundi seremala: fremu ya mbao na wavu wa dirishani, matawi membamba ndani, nusu ya upande mmoja imefunikwa kivuli. Analitoa nje mtu kuanzia saa tatu asubuhi hadi kama saa nne na nusu. Kivuli si cha hiari. Kinyonga asiye na pa kukimbilia jua la hapa linamuua upesi, tena mgonjwa asiyeweza kutembea vizuri.

Sasa unga wa kalsiamu. Ni mweupe, laini, hauna harufu, na hauna D3 ndani, huo wa kila siku. Upo mwingine wenye D3, ambao daktari alisema niutumie mara mbili tu kwa mwezi, kwa sababu D3 ikizidi nayo hudhuru. Unawatia panzi kwenye mfuko, kijiko kidogo cha unga, unatikisa, unamlisha wangali weupe. Panzi asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Mimi huwakamata kwenye nyasi za mlimani Isamilo, si kwenye bustani za mboga za kando ya ziwa, kwa kuwa huko hupulizwa dawa. Wafugaji wa kuku pia huniuzia mabuu ya inzi askari weusi, ambayo yana kalsiamu nyingi yenyewe. Nachagua yale madogo kabisa. Pakiti moja ya unga inakaa muda mrefu mno, na ndiyo maana sioni cha kuupunguzia nyota.

Taa ya UVB ilifika kwa basi, imefungwa vizuri, inawaka. Lakini boksi halikuwa na tarehe ya kutengenezwa, na taa hizi hupungukiwa na UVB baada ya miezi kadhaa ya matumizi hali mwanga unaendelea kuonekana uleule. Huwezi kujua kwa macho kama umenunua taa ya UVB au balbu ya kawaida. Umeme ukikatika, basi. Na Mwanza ipo kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta: jua letu ni la nguvu mwaka mzima, bure. Mimi naiwasha siku za masika mawingu yanapokaa kutwa. Kama fedha yako ni ya kuchagua, nunua kwanza unga na mpira wa dripu, umlipe daktari, taa iwe mwisho.

Kwa nini daktari amekosa nyota ya tano? Sehemu ya kusubiri ni moja kwa wote, na mbwa walikuwa wakibweka karibu na kikasha changu. Kinyonga akageuka karibu mweusi kwa hofu. Simu hapokei akiwa Magu au Misungwi kwenye ng'ombe. Ujumbe wa WhatsApp anajibu usiku. Risiti ni mpaka uombe. Na mashine ya eksirei hana, kwa hiyo hali ya mifupa tunaifuatilia kwa kumtazama anavyoshika tawi na kwa uzito wa kwa sonara.

Alinieleza ukweli pia kuhusu miguu: mfupa ukishapinda, kalsiamu huufanya mgumu lakini hainyooshi. Nilihuzunika, lakini ningehuzunika zaidi kama angenidanganya. Leo anashika tawi kwa miguu yote minne, rangi yake ya mchana ni kijani kibichi, na ulimi unafika. Dawa ya minyoo ameshapewa. Kama atarudi porini na miguu hii au la, hilo nimewaachia watu wa ofisi ya wanyamapori waamue, na daktari amekubali kuwaandikia taarifa.

Ukitaka kwenda, omba miadi ya asubuhi mapema kabla mbwa hawajaanza kuletwa. Mbebe mgonjwa kwenye boksi lenye matundu na kijiti ndani, si kwenye chupa. Chukua kinyesi kipya kwenye kifuniko safi, na picha za mahali anapolala. Na mpitie sonara kwanza, ufike ukiwa na uzito umeuandika.