Dawa ya kuzuia povu kwa wanaopika bia nyumbani: uzoefu wangu nikiwa Kigoma

Kwa anayepika bia ya shayiri juu ya jiko la mkaa, dawa ya kuzuia povu ina thamani kubwa kuliko kwa mwenye jiko la gesi, na ndiyo maana naendelea kuinunua ingawa madukani hapa Kigoma sijaiona, na hunibidi kuiagiza pamoja na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) kupitia Dar es Salaam. Maji ya kimea yanapokaribia kuchemka, protini zake hutengeneza povu zito linalofurika kwa ghafla. Mwenye gesi hupunguza moto papo hapo. Makaa yaliyokwisha kukolea hayana namna hiyo, na sufuria yenye lita 20 za maji yanayotokota si chombo cha kuepuliwa haraka na mtu mmoja. Povu likimwagika, huzima makaa, hunatisha jiko lote, na huondoka na sehemu ya uchungu wa hopsi uliogandamana nalo.

Dawa yenyewe ni silikoni iliyochanganywa na maji hadi ikafanana na maziwa. Kwa kuwa silikoni haiyeyuki, matone yake madogo hutandaa juu ya utando wa kiputo na kuudhoofisha mpaka upasuke. Mimi hutia tone 1 kwa kila lita 2, yaani matone 10 hivi kwa sufuria nzima, kabla povu halijaanza kupanda. Kichupa hutikiswa kwanza, maana silikoni hujitenga kikikaa, na huhifadhiwa kwenye friji bila kugandishwa. Povu bado huonekana, ila hupanda kidogo na kushuka lenyewe. Hata hivyo, anayefunika sufuria kwa mfuniko juu ya moto mkali asitegemee muujiza.

Nafuu nyingine niliipata kwenye ndoo ya kuchachushia. Joto la huku kando ya Ziwa Tanganyika huichangamsha mno hamira, na povu lilikuwa likipanda hadi kuziba mrija wa kutolea gesi. Sasa hubaki chini, nami naweza kuijaza ndoo zaidi.

Wengi huniuliza kama bia haitakosa povu kwenye glasi. Yangu haijakosa, kwa sababu silikoni nyingi hushikamana na hamira na kutuama nayo chini, mradi bia ihamishwe taratibu bila kuvuruga mashapo. Madai kwamba povu la glasi huwa bora zaidi sikuyathibitisha, na ladha sikuona ikibadilika. Kuzidisha kipimo ni jambo lisilofaa. Kanuni za chakula za Marekani huweka kikomo cha sehemu 10 za silikoni hii kwa milioni katika chakula kilicho tayari kuliwa.

Jirani zangu, ambao jikoni mwao mawese hayakosekani, husema tone la mafuta lingetosha. Kweli hutuliza povu la sufuria, kama linavyotuliza la maharage, lakini mafuta huua povu la glasi na huchacha bia ikikaa. Matone ya gesi ya tumbo ya watoto wachanga, yauzwayo maduka ya dawa, yana silikoni ya jamii hiyohiyo, ila mengi yametiwa utamu na ladha ya matunda ambayo sitaki katika bia.

Mwenye jiko la gesi na sufuria ya lita 40 anayepika lita 20 tu, sioni kwa nini agharamie usafirishaji wa kichupa hiki.