Uzoefu wangu: kununua kwa mnada wa eBay ukiwa Tabora, muuzaji anapochomoa

Nanunua eBay, soko la mtandaoni lenye minada, vifaa vya nyuki vilivyotumika: vipima unyevu wa asali, mizani midogo, visu vya kukatia vifuniko vya masega. Huku Tabora asali ipo tele, vifaa vya kuipima ndivyo adimu, na asali ikizidi unyevu wa asilimia 20 huanza kuchacha ndoo ikiwa bado stoo. Kwa kazi hiyo eBay imenifaa na bado naitumia. Ila mnunuzi mpya ajue jambo moja mapema: pale pesa yako inalindwa, bei uliyoshinda hailindwi. Muuzaji akiamua hauzi tena, utarudishiwa pesa yote pamoja na ya usafirishaji, lakini hakuna atakayemshika mkono akufungie mzigo.

Sababu ya kukataa karibu kila mara ni moja. Ameanzisha mnada kwa senti 99 za dola ili avute watu, siku saba zimepita, wapandaji dau wamekuwa wawili tu, na kifaa alichotegemea kiende kwa dola 80 kimeishia 23. Aliyeogopa hilo alikuwa na ruhusa ya kuweka bei ya chini ya siri, ambayo isipofikiwa hakuna mauzo. Hakuiweka. Mnada ukifungwa, dau lako linakufunga wewe na linamfunga yeye.

Kwa hiyo anatafuta mlango wa kutokea, na hapa ndipo wengi wetu tunamfungulia wenyewe. Muuzaji anapofuta mauzo lazima achague sababu. Akichagua kwamba bidhaa imeisha au imeharibika, anahesabiwa dosari, yaani alama mbaya kwenye akaunti yake, na dosari zikizidi asilimia 2 ya mauzo yake anashushwa daraja. Akichagua kwamba mnunuzi ndiye ameomba kufuta, kwamba anwani ya mnunuzi ina tatizo, au kwamba mnunuzi hakulipa, hahesabiwi kitu. Ndiyo maana ujumbe wake unakuja kwa upole: samahani, kifaa kimeanguka, tafadhali bonyeza kuomba kufuta nikurudishie pesa haraka. Usibonyeze. Pesa itarudi vilevile akifuta yeye, na wewe ukishabonyeza umeandika kwa mkono wako kwamba hukukitaka.

Mjibu ndani ya eBay tu, kwa Kiingereza chepesi chenye maana hii: nimelipa, sijaomba mauzo yafutwe, anwani iliyo kwenye oda ni sahihi, naomba utume, kama kifaa kimevunjika naomba picha. Ombi hilo la picha lina kazi yake. Kuna wanaotuma kweli, na hapo umwachie mtu afute kwa amani, maana vitu huanguka. Kuna wanaonyamaza, na wapo ambao, wakiona umeelewa mchezo, wanafunga mzigo. Akihamia barua pepe au WhatsApp akikuomba uongeze dola kumi na tano ili atume, kataa. Pesa iliyopita nje ya eBay haina dhamana yoyote.

Sisi wa mikoani hoja ya anwani hutupata kirahisi kuliko wengine. Sanduku la posta peke yake linampa muuzaji kisingizio. Jaza jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtaa na namba ya nyumba, kata, S.L.P., postikodi yenye tarakimu tano, Tabora, na simu inayoanza na +255. Jaza kabla ya kupanda dau, usirekebishe baada ya kushinda. Tena usome sehemu ya usafirishaji: kama Tanzania haimo katika nchi anazotuma, muuzaji ana haki ya kukukatalia, na hapo lawama ni yako.

Hoja ya kutolipa nayo inazuilika. Ukipita siku nne bila kulipa anaruhusiwa kufuta bila dosari. Minada mingi ya Marekani hufungwa jioni ya kwao. Saa kumi na mbili jioni ya California ni saa kumi alfajiri hapa, au saa kumi na moja majira yao ya baridi. Wengi tunalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotoa pesa kwenye akaunti ya simu, kwa hiyo weka salio jioni, na uache ziada kidogo kwa ajili ya makato na tofauti ya kubadili dola. Kadi hiyo usiifute wala kuibadilisha hadi mzigo ufike, kwa sababu pesa ikirudishwa inarudi kwenye kadi ileile, na kufuatilia malipo yaliyorudi kwenye kadi iliyokufa ni kazi ya wiki nzima kwa simu za huduma kwa wateja. Pia kiasi kinachorudi kwa shilingi kinaweza kupungua kwa sababu kiwango cha dola kimebadilika. Hasara hiyo ni yako.

Siku mnada unapofungwa piga picha za skrini: tangazo zima na maelezo yake, namba ya bidhaa yenye tarakimu 12, bei ya mwisho, uthibitisho wa malipo. Namba ya bidhaa ndiyo muhimu kuliko zote. Muuzaji aliyesema kifaa kimevunjika mara nyingi hukitangaza upya baada ya siku chache, mkwaruzo uleule pembeni, bei mara tatu. Ukilikuta tangazo jipya, ripoti ukiweka namba zote mbili. Kama amefuta kwa kudai wewe ndiye uliyeomba, peleka eBay yale mazungumzo yenu, kwa sababu ndiyo ushahidi unaokanusha sababu aliyoichagua.

Yupo mwingine, mbaya zaidi: hafuti, anaweka namba ya kufuatilia ambayo si ya mzigo wako. Namba ya posta ya kimataifa huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, mfano GB kwa Uingereza. Ifuatilie mwenyewe. Ikionyesha mzigo umepokelewa mji mwingine, au wiki tatu haijatoka ofisi ya kwanza, subiri tarehe ya mwisho ya makadirio ipite, kisha fungua dai la kutopokea ndani ya siku 30. Muuzaji ana siku tatu za kazi kujibu. Zikiisha bila ufumbuzi bonyeza kuiomba eBay iingilie. Usifungue pingamizi benki wakati huohuo, maana dai la eBay litafungwa. Na ukitumia wakala mwenye ghala Uingereza au Marekani, jua kwamba mzigo ukishapokelewa ghalani dhamana haikufuati hadi Tabora.

Maoni unaweza kuandika ndani ya siku 60, hata kama yeye ndiye aliyefuta baada ya wewe kulipa. Andika tarehe, bei na sababu aliyotoa, bila matusi. Matusi huondolewa, tarehe hubaki.

Minada ya magrupu ya WhatsApp, ya hapa na ya Kigoma, naiweka daraja la chini kabisa kwa sababu hakuna mtu katikati. Sheria ipo: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mikataba na ushahidi wa kielektroniki. Lakini sheria inataka uonyeshe makubaliano. Msimamizi akishatangaza mshindi, mwandikie muuzaji faragha: kifaa gani, bei gani, kinatumwa kwa basi au treni gani, lini, kisha usubiri ajibu "nimekubali". Lipa arubuni ndogo kwa simu, jina linalotokea liwe la huyo unayezungumza naye, na salio ulitume baada ya kupata picha ya risiti ya mzigo yenye jina lako. Akikataa utaratibu huo kabla hujalipa, mwachie kifaa chake.