Lettow-Vorbeck na Rommel, nani alikuwa mkali zaidi Afrika?

Watu wengi wakisikia jenerali wa Kijerumani Afrika wanakimbilia kumtaja Rommel, sawa, jamaa wa Vita vya Pili vya Dunia, alitua Tripoli, Libya, Februari 1941 na Juni 1942 akaichukua Tobruk, mji wa bandari wa Libya, akapewa cheo cha field marshal, cheo cha juu kabisa jeshini, lakini vifaru vyake vilitegemea mafuta ya kuvuka bahari na El Alamein kule Misri mambo yakaharibika. Machi 1943 akaondoka, na Oktoba 1944 Hitler akamlazimisha anywe sumu.

Sasa Lettow-Vorbeck huyu wa kwetu, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Novemba 1914 pale Tanga na watu kama 1,000 tu aliwapiga Waingereza waliokuja na jeshi karibu 8,000, halafu akazunguka porini miaka minne mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), akasalimu amri Abercorn (Mbala ya leo) tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kuisha Ulaya!

Kivita mimi nampa Lettow. Ila inaniuma sana, maana askari wake wengi walikuwa Waafrika, na wapagazi walikufa kwa maelfu, chakula cha wanakijiji kikachukuliwa, njaa ikaua watu wasiohusika kabisa na ugomvi wa wazungu, na majina yao hatuyajui.