Gereji iliyochomoa themostati yangu bila hata kuniuliza

Niwe mkweli: kwa breki na bushi, gereji hii ya hapa Tabora mjini si mbaya. Pedi walizofunga mwaka jana bado zinashika vizuri na bei yao haiumizi. Ila kwa gari inayochemsha, msithubutu.

Corolla 110 ilikuwa inachemsha mchana. Fundi hakufungua kifuniko cha rejeta akikague, hakushika mipira, hakusubiri aone kama feni inawaka. Kachomoa themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yapite kwenye rejeta), kanikabidhi funguo: "Joto la Tabora halihitaji hicho, ni cha Ulaya." Nilipohoji, nikajibiwa mbele ya wateja: "Dada, kama unajua sana, fungua gereji yako."

Basi asikie. Kwenye injini ya 5A, ya Corolla hii, themostati inakaa upande maji yanakoingilia, na ina kazi mbili: kufungua njia ya rejeta na kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengine ya moto yanazunguka humo humo kwenye injini bila kuionja rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, sensa inaiambia kompyuta bado kuna baridi, petroli inaongezwa, plagi zinatoka nyeusi kama chemni ya kandili. Halafu mchana, gari ikiwa na mzigo, inachemsha vilevile!

Kuipima themostati ni sufuria ya maji na kipimajoto tu. Inaanza kufunguka nyuzi 80 hadi 84. Ikifunguka, inarudi mahali pake na gasketi mpya, kile kipini kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu.

Ugonjwa ulikuwa kifuniko cha rejeta, raba imekauka na kupasuka. Tanki dogo linafurika injini ikipata moto, na ikipoa maji hayarudi kwenye rejeta. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima cha presha ya 0.9 kinapandisha kiwango hicho cha kuchemka kupita nyuzi 110. Ni spea ya bei ndogo kwenye mfumo wa kupoza, na ndiyo ya kwanza kukaguliwa.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya breki. Nafuta. Themostati nimeidai, nikaambiwa imeshatupwa. Sasa hata cha kupima hakuna. Moja tu, na pedi zikiisha zitafungwa kwingine.